Injini ya Mama Imenguruma

Jumapili, jioni. Mvua ya tangu juzi imekatika, Chanika yote hapa Handeni inanuka udongo mbichi. Mikono yangu inanuka petroli na sijataka kuinawa.

Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mama yangu anavusha watu Mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa boti ndogo ya injini aliyoachiwa na marehemu baba. Wiki iliyopita injini ilizima katikati ya mto, maji yakiwa yamejaa, abiria ndani na magunia ya mahindi. Mkondo uliwachukua hadi kwenye matete ya chini, wakavutwa kwa kamba. Hakuna aliyeumia. Lakini Mama alitoka pale akiwa mtu mwingine. Kaka yangu Ramadhani alipomwambia injini iuzwe, hakubisha.

Mama, asiyebisha! Hilo ndilo lililonitoa Handeni.

Mimi ni fundi umeme wa pikipiki. Bodaboda wananijua. Injini ya boti sikuwahi kuifungua hata siku moja, na niseme kweli, njia nzima nilikuwa naogopa. Nikishindwa, nitakuwa nimempa Mama tumaini halafu nikamnyang'anya.

Nilifika jana mchana. Mama akanitazama nikishusha begi la vifaa.

"Zuhura, usijisumbue mwanangu. Mzee Mhando anakuja kesho kuichukua. Ramadhani ameshakubaliana naye."

"Basi acha niiangalie tu, Mama."

Boti ilikuwa imefungwa mtoni, hatua chache kutoka jikoni. Nilipotoa mfuniko wa injini nilishtuka. Waya zilikuwa zimeungwaungwa kwa nailoni, nyingine nyembamba kama za redio. Nikizichuna ganda, ndani shaba imegeuka kijani, inavunjika kama majani makavu. Nikavuta kamba ya kuwashia huku nikiangalia plagi. Hakuna cheche. Nikachomoa waya wa swichi ya kuzimia, nikavuta tena.

Cheche! Ya buluu, safi.

Nilicheka peke yangu. Ni ugonjwa uleule wa pikipiki: waya wa kuzimia ukichubuka na kugusa chuma, injini inadhani umeizima.

Nikatoa waya zote mbovu, nikaweka mpya nilizokuja nazo, kila kiungo nikakilehemu kwa risasi na kukivika mpira. Leo asubuhi ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Mama akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi. Nikafunika mfuniko kwa mbwembwe.

Ikazima.

Nikavuta mpaka bega likauma. Kimya. Mama akarudi jikoni, na kuuona mgongo wake ule kuliniuma kuliko bega. Wakati huohuo pikapu ya Mzee Mhando ikaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Bado unahangaika nayo? Niachie mimi, jua linapanda."

"Nipe muda kidogo tu, mzee wangu."

Akakaa kwenye ubao wa pikapu akawasha sigara. Nilikaribia kulia. Kisha nikajiuliza swali la kijinga: bila mfuniko inawaka, ikiwa na mfuniko inazima, sasa mfuniko una nini? Nikaufunua, nikapitisha kidole ukingoni. Kumbe nilikuwa nimeupitisha waya mpya wa kuzimia njia ileile ya zamani, na mfuniko ulikuwa unaubana juu ya kona ya chuma. Ganda lilikuwa limeshachanika. Kosa langu mwenyewe.

Nikaukata, nikaweka mwingine, nikauzungusha kwa nyuma na kuufunga mbali na chuma chochote. Nikafunika. Nikasema bismillahi, nikavuta.

Ikanguruma!

Nikaugonga mfuniko kwa ngumi. Ikaendelea kunguruma. Ng'ambo ya mto watu waliokuwa wakisubiri kuvuka na magunia yao wakaanza kupiga vigelegele.

Mama alikuja taratibu safari hii. Hakunitazama. Alipandisha khanga, akaingia kwenye boti, akakaa nyuma, akashika usukani wa injini.

"Mzee Mhando," akasema kwa sauti ambayo nilikuwa nimeimisi, "nisamehe kwa usumbufu. Injini haiuzwi. Ramadhani nitaongea naye mwenyewe. Zuhura, sukuma!"

Nikasukuma, nikarukia ndani. Tulikata mkondo moja kwa moja hadi ng'ambo, maji ya kahawia yakiturukia usoni, Mama akinifokea kwa Kizigua nikae katikati nisije nikatupindua. Sijawahi kufokewa kutamu hivyo.

Mzee Mhando naye tulipogeuka alikuwa amesimama ukingoni, anapiga makofi.

Nimerudi nyumbani kwangu nimechoka, bega halinyanyuki. Ila rangi nyeupe ninayo kwenye kopo. Kesho asubuhi, kabla sijafungua banda langu la ufundi, kwenye kibao chake, chini ya "Fundi Umeme wa Pikipiki" naongeza mstari: "Na Injini za Boti."

Hapa Handeni hakuna boti. Najua. Naandika hivyohivyo.