Miparachichi saba ya Mama

Alhamisi, Hjulsta

Tulipoteza miparachichi saba kwa siku moja, nikiwa na miaka tisa. Patron, mwenye ardhi tuliyolima, aliamuru ikatwe. Kwenye ardhi yake mpangaji aliruhusiwa kupanda mazao ya msimu tu, mahindi na maharagwe, maana mwenye mti angeweza siku moja kusema ardhi ni yake. Mama aliambiwa awapikie waliokata, akapika.

Leo Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, amenipigia nikiwa kwenye treni, natoka kazini Södertälje. Patron amekufa kule nyumbani Masisi, na Jumamosi watoto wake wanamfanyia ibada hapa ughaibuni, Skärholmen. Yaya atasoma shukrani "kwa niaba ya marehemu mama yetu."

"Mama alimshukuru lini?"

"Mdogo wangu, mtu amekufa. Kila Noeli alitupatia maziwa."

"Kidumu kimoja, Yaya. Na Mama alifyeka malisho yake siku mbili kila juma, miaka kumi na moja. Hizo ni siku 1,144, bila malipo."

Akacheka. "Wewe na hesabu zako. Usinitie haya mbele za watu."

Ninachoogopa ni kwamba nikinyamaza, watoto wangu watabaki na yale maziwa tu. Miti hawakuiona.

Nimemwandikia hivi: Yaya, mshukuru kwa jina lako, la Mama liondoe. Ukikataa, nitasimama baada yako niitaje miti yote saba. Utaliondoa au hutaliondoa? Nijibu kesho kabla ya saa kumi na mbili jioni.