Picha Zilizohamia Chekereni

Jumatatu, 20 Agosti 2007

Nimepata kibarua! Kupiga picha mashamba ya kahawa, kwa ule mradi wa wanunuzi wa nje. Bwana Elifuraha, mratibu wao, alinikumbuka tangu nilipokuwa studio hapa Njoro kabla Stella hajazaliwa. Jovin yuko mlimani na mizigo ya watalii, hana habari. Akishuka atakuta mke wake mfanyakazi.

Nimepewa kamera ya dijitali, ndogo kama kipande cha sabuni. Na kidude cha njano kinaitwa jipiesi — kinaongea na setilaiti, kinajua kila saa uko wapi. Ukirudi, kompyuta inasoma saa ya picha, inaiuliza jipiesi: saa hiyo mlikuwa wapi? Basi kila picha inaandikiwa mahali pake. Mnunuzi akiwa hukohuko kwao anaona kahawa ipo kweli, na ipo wapi.

Kamera iliniuliza saa. Redio ndiyo kwanza inatangaza saa mbili kamili asubuhi, nikaiandikia 2:00. Nimejiona fundi.

Stella anaota jino. Usingizi hakuna.

Jumatano, 22 Agosti

Kutwa nzima mtoto mgongoni. Saa mbili asubuhi, badala ya kupanda, gari likateremka Chekereni. Kumbe Elifuraha ana jaruba lake la mpunga huko! "Dakika moja tu, Mama Stella. Hili halina haja ya kufika ofisini." Akakunja suruali, akaingia kukagua maji. Mimi na jipiesi yangu tukamngoja kwenye tuta.

Mpaka saa nane mchana ndiyo tunafika Kirua Vunjo, kwa mama mkwe. Kahawa imeiva, nyekundu! Mama alikuwa ametoa kitenge cha Pasaka. Nikampiga picha na kapu lake chini ya migomba. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile.

Akauliza hicho cha njano ni cha nini. Nikamweleza habari za setilaiti.

— Inaniona hata nikiwa chooni?

— Kama umeibeba, mama.

— Basi ibebe wewe.

Anatania, lakini hana raha. Shemeji Leodegar anataka kahawa yote ing'olewe apande nyanya. Wamekubaliana wasubiri wanunuzi: wakimwingiza mama kwenye kundi lao, kahawa inabaki. Wakimwacha — panga. Na ile kahawa aliipanda na marehemu baba mkwe, shimo kwa shimo.

Ijumaa, 24 Agosti

Makubwa! Elifuraha alishatuma picha jana, bila kutazama ramani. Leo ndiyo katazama. Kirua yote imehamia Chekereni. Mama mkwe, kapu, migomba, ng'ombe na zizi lake — katikati ya jaruba la Elifuraha! Tumezima kompyuta, tumewasha. Bado wako majini.

Picha ya Stella niliyojaribia kamera Jumatano asubuhi kabla ya safari, hiyo kompyuta inasema haina mahali. Dunia nzima haikumwona mwanangu. Nilimbana kifuani mpaka akalia.

Jumanne, 28 Agosti

Wanunuzi wamejibu. Elifuraha alinisomea kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya hospitali. Wamefurahi mno! Kahawa inayoota kwenye maji hawajapata kuiona. Wanakuja wiki ijayo, na wanaitaka hiyohiyo, ya yule mama mwenye kapu.

Nikawa nachezea kamera kwa aibu. Imeandika 4:10. Nikainua macho kwenye saa ya ukutani — mshale mfupi uko kwenye kumi. Yesu na Maria! Saa nne asubuhi! Kamera nimeifundisha saa za Kiswahili, na setilaiti haizijui. Ile saa nane yangu ya mchana, kompyuta imeichukua kuwa nane ya Kizungu, asubuhi. Na asubuhi tulikuwa kwenye mpunga. Ile ya Stella ikasomeka ya usiku, jipiesi ikiwa bado imezimwa.

Nikamwambia. Nilidhani atacheka, tuandike radhi yaishe. Akafunga mlango.

— Wakiuliza gari la mradi lilifuata nini kwenye mpunga, nijibu nini?

— Jibu ukweli.

— Wewe Mama Stella nyonyesha mtoto, mambo ya ofisi huyajui.

Aisee!

Jumapili, 2 Septemba

Nimepanda Kirua baada ya misa. Nimekuta Elifuraha kanitangulia, ameshakunywa mtori wa ndizi wa mama, ameshaondoka. Mpango wake: miche ya kahawa ipandwe kwenye ndoo, ndoo zizamishwe jarubani zisionekane, mama asimame katikati na kapu. Mtu mzima, ana cheti!

Nikamweleza mama ile habari ya saa. Alicheka mpaka akashika mgomba. "Kwa hiyo mimi mchana nahamia Chekereni, jioni narudi kukamua?" Halafu akakaa, akavuta ndizi za kumenya.

— Acha tu, mwanangu. Wakinitaka majini, nitasimama majini. Leodegar ameshanoa panga.

Nikamwambia: mama, wakiipenda ya majini watanunua ya majini. Hii ya hapa itaponaje?  Akaendelea kumenya ndizi.

Mimi nimesema langu. Picha ya ndoo sipigi.

Jumatano, 5 Septemba

Jino limetoka! Dogo, jeupe kama punje ya mchele. Nimerekebisha saa ya kamera, nimempiga Stella picha tena. Safari hii yupo Njoro, nyumbani kwake.

Alhamisi, 6 Septemba

Chekereni. Nimekuja kwa ajili ya mama, si kwa ndoo. Naandika garini, dirisha wazi, Stella ananyonya. Mama yuko jarubani, maji yamefika magotini, kitenge cha Pasaka amekifunga juu, kapu mkononi. Pembeni yake kahawa sita zimejipanga kama watoto wa komunyo. Moja imeanza kuelea. Elifuraha anaikandamiza kwa mguu huku anatabasamu.

Wakulima wa mpunga wamejaa kwenye tuta. Mmoja anapiga kelele: "Mama, hiyo ikiiva inatoka na maziwa yake?" Mama kamjibu kwa Kichagga, wacheka wote wanaoelewa.

Wageni ni wawili, mzee na mama mmoja wa makamo. Wana jipiesi yao. Wametembea nayo tuta zima, ikalia, wakapeana mikono — ni hapahapa! Elifuraha anatafsiri kila kitu, hata ambacho mama hajasema.

Ghafla yule mama wa Kizungu: "Shikamoo, mama."

Anajua Kiswahili! Elifuraha amezimika kama redio iliyoishiwa betri.

— Marahaba.

— Mama, hapa ni kwako?

 Ndoo ya pili imeibuka. Mama hakumtazama Elifuraha, amenitazama mimi. Kisha akamgeukia mgeni.

— Kwa saa ya nani?

Mgeni hajaelewa. Anamtazama Elifuraha, Elifuraha anatazama maji. Mama ameshusha kapu. Ananyoosha mkono huko juu, kwenye mawingu, Kirua. Ananiita: "Mama Stella! Shuka uje uwaambie!" Elifuraha naye ananipungia kwa mikono miwili — piga picha, piga picha tu!

Kamera ninayo. Saa yake sasa ni sawa. Stella hataki kuachia ziwa. Nashuka naye hivihivi, nikawaeleze ile habari ya saa.