Ngoma ya Baba Mkwe Inachelewa

Morita, nimefanya ujinga, usinicheke kwanza.

Leo baba mkwe katimiza sabini. Tumemvisha kizibao cha zambarau cha desturi ya miaka sabini, nikampa ile mashine ndogo yenye gemu za zamani ndani. Si unajua yeye ndiye aliyezitungia sauti enzi za kazi.

Kacheza dakika moja tu, kafumba macho. “Kazuya, mwanangu, ngoma yangu inachelewa. Nabonyeza, mtu wa gemu anaruka kwanza, halafu ndo inalia.”

Na kweli inachelewa Morita! Hata mimi nimesikia!

Akasema, “Hebu lete ile mashine yangu kubwa ya zamani tulinganishe.”

Ile kubwa niliipeleka duka la mashine za mitumba kule mtaa wa Nipponbashi, wanipunguzie bei ya hii ndogo. Nilidhani haigusi tena. Yaani nimeuza cha mzee nimnunulie mzee zawadi!

Nikamwambia, “Baba, mbona zinalia sawasawa tu.” Kwa mdomo huuhuu!

Akacheka kidogo. “Basi masikio yangu ndiyo yamezeeka.”

Wewe uko karibu na lile duka, kimbia kaangalie kama bado hawajaiuza. Ni nyeupe, ina alama ya kuungua na sigara pembeni.

Kaniomba Alhamisi nimpeleke kwa daktari wa masikio. Nami nikaitikia, “Sawa, baba.”