Chupa Iliyoandikwa "Mzima"

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu zako, na ule mgongo umepunguza kukusumbua. Baba nampa pole ya uzee. Mwambie aache kubishana na redio, haimsikii. Wanao nawabusu mmoja mmoja, hata yule mtundu aliyenichorea ndevu kwenye picha. Kitindamimba wetu sijui nimuulizie vipi. Umeandika kwamba sasa hawezi kula mpaka umshike mkono, na siku nyingine anakuita Mama. Niliisoma barua yako chooni hapa kazini, nikalia mpaka nikachoka.

Unauliza dawa itakuwa tayari lini. Una haki ya kuuliza, maana wewe ndiye uliyemuuguza Mama kwa ugonjwa huu huu, na sasa umeanza upya. Nilikueleza kwamba kile kipande cha ngozi alichotoa Kitindamimba tulikikuza hadi tukapata seli za ubongo. Ndani yake imo jeni mbovu, na sisi tunataka kuinyamazisha. Kinachopeleka amri ya kuinyamazisha ni kirusi tulichokwisha kukihasi: kinaingia ndani ya seli, kinashusha mzigo, basi, hakizai. Ukanijibu kwamba mwizi hata akihasiwa ni mwizi tu. Nilimsomea Profesa, mkuu wetu, maneno hayo akacheka, na yule mtu hachekagi.

Sasa nakwambia bila kuzunguka. Kirusi kilifika, na jeni mbovu ikanyamaza. Lakini kila mtu anazo mbili, moja ya baba na moja ya mama, na kirusi chetu hakikuchagua. Kilizinyamazisha zote, na ile nzuri ndiyo iliyokuwa ikizishikilia seli. Zikasinyaa, zikabanduka, zikaelea kwenye chupa kama makapi. Profesa anasema tutatunga amri nyingine inayojua kubagua, ila ni kazi ya miaka. Miaka! Nilitamani nimrushie kiti. Kitindamimba hana miaka hiyo, Dada. Yeye usimwambie, lakini wewe acha kusubiri.

Halafu kuna jingine. Kazi ile ilihitaji pia seli za ndugu yake asiye mgonjwa, za kulinganishia. Wewe ulikataa, ukasema ngozi yako umezaliwa nayo na utazikwa nayo. Nikatoa yangu. Hapa kwetu ni mwiko mtu kushughulikia seli zake mwenyewe. Ukijichoma sindano kwa bahati mbaya, na kirusi kimo humo, mwili utazipokea kama zake wala hautapigana nazo. Kwa hiyo chupa yangu alipewa Mama Pacha, mwenzangu wa meza ya pili, akaiandika "mzima." Hakuna aliyenipima damu. Unakumbuka tulivyoapa sisi watatu baada ya kumzika Mama, kwamba hapimi mtu, litakalokuja na lije. Mimi nilishawaambia hapa kwa kujidai kwamba ni wa Baba mtupu, kuanzia pua hadi hasira. Watu na shahada zao wakaridhika na pua yangu!

Mama Pacha alipozikagua chupa kabla ya kutia kirusi, ile ya "mzima" ikaonyesha jeni mbovu. Profesa akasema amechanganya chupa. Mama Pacha akaanza upya, majibu yakawa yale yale. Profesa akamfokea mbele yetu sote, kwamba uzembe wake umeharibu kazi ya watu, na atafute pa kwenda. Loo! Yule mwanamke hata chumvi ya mboga huipima kwa mizani. Nilijua hakuchanganya. Nilijua, Dada, na bado niliogopa kufungua mdomo mpaka nilipomwona anavua koti la kazi huku machozi yanamtoka. Ndipo nikasimama, nikasema nitolewe damu.

Majibu yametoka. Chupa hazikuchanganywa. Ugonjwa wa Mama ninao.

Mama Pacha amebaki na kazi yake. Alinikumbatia, nami nilimshukuru kwa hilo. Mikono yangu bado imetulia, ingawa kutwa naichunguza. Naogopa sana, sitakuficha. Unisamehe kwa kuvunja kiapo chetu. Wewe sikuombi upime, wala sitakuuliza kamwe. Hilo ni lako na wanao.

Nimeaga kazini, nakuja. Nitamwogesha Kitindamimba, nitamlisha, nawe upate kulala. Baba nitamwambia mwenyewe, niachie mimi. Ila nakuomba jambo moja. Katika nyumba hiyo wewe peke yako ndiye uliyeona jinsi Mama alivyoanza kuugua, kabla yeye mwenyewe hajajua. Nikiingia mlangoni utanitazama, najua. Ukiiona dalili ile, usinionee huruma. Niambie.

Nisalimie wote waliomo ndani na majirani wanaonikumbuka. Mungu akulinde mpaka nifike.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kichwangumu