Kitabu cha Mama Kilichofutwa kwenye Simu

Mkomani,
Lamu.
17 Februari 2025

Mpendwa dada yangu Hadia,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Leicester, na kwamba kikohozi cha Nur kimepoa. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini bado anashuka mwenyewe kila asubuhi kununua mkate wa mofa, na ukimkataza anakasirika.

Ujumbe wako wa wiki jana nimeusoma mara nyingi. Uliuliza kwa nini kitabu cha mama cha visa vya paka kimetoweka kwenye simu yako ilhali ulikinunua, na kwa nini duka lile lile la mtandaoni lilikuwa likikiuza kwa jina la mtu usiyemjua. Mwisho ukauliza kama nimekiuza. Sikujibu kwa simu, maana kila nilichoandika kilisomeka kama maneno ya mtu anayejitetea.

Wallahi sikukiuza. Nilipokichapisha, kama ninavyochapisha vya waandishi wangu wengine, duka hilo lilikubali kukisambaza nje kwa sharti kwamba nakala ya simu isiuzwe pengine popote. Nilikubali, kwa sababu wasomaji wetu walio ugenini karibu wote hununua huko, na kitabu wasichokiona humo, kwao hakipo. Mkataba ulikuwa mrefu, wa Kiingereza cha mawakili, nami niliupitia juu juu. Mama nilimpa atie sahihi tu.

Desemba mtu akakinakili chote, akabadilisha jalada na jina, akakiweka dukani humo humo. Mashine yao ikaona vitabu viwili vinafanana, ikakifunga chetu na kukifuta hata kwa waliokwisha kukinunua. Niliwaandikia mara kumi na moja. Majibu yalikuja upesi, maneno ni yale yale, chini hapana jina la mtu. Nikawapelekea picha za daftari la mama, mwandiko wake mwenyewe. Juzi juzi wakakiondoa na kile cha mwizi, wakasema shauri limefungwa. Sasa hakipo chochote, na mkataba bado unanizuia kuuza nakala ya simu kwengine mpaka Septemba.

Habari zimeenea. Bwana Abdulkadir, mvuvi wa Pate aliyeniandikia kitabu cha majina ya samaki, alipanda boti bandarini Mtangawanda akaja kuchukua mswada wake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nitaurudisha siku utakayojua unaweka sahihi kwenye nini." Niliufunga vizuri ndani ya nailoni nikamsindikiza mpaka gatini. Nilikuwa na waandishi wanne tu, Hadia, na sasa ni watatu. 

Mama nilikuwa nikimficha. Jumatano nikaona siwezi tena, nikamkuta anachambua mchele, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi zile ulizisoma?" akaniuliza.

"Sikuzisoma zote, mama."

"Na mimi hukunisomea."

"Sikukusomea."

Akauweka ungo wa mchele chini. Kisha akasema, "Mwizi simjui, na wenye duka siwajui. Wewe nakujua. Ndoo hapa kesho, uje na karatasi zile, unisomee neno kwa neno."

Tulisoma siku mbili baada ya laasiri, mimi nikifasiri. Tulipofika pale panaposema duka laweza kufuta kitabu wakati wowote bila kutoa sababu, alinitaka nirudie. Nikarudia.

"Waandikie," akasema. "Septemba ikifika, tutoke."

Nilimwambia tukitoka wasomaji wa nje hawatatuona tena. Akajibu, "Walio nti za mbali wana jamaa zao huku. Wataagiza."

Mimi sina hakika hiyo. Naogopa nisije nikafanya kosa la pili kubwa kuliko la kwanza. Lakini barua ya kuwaarifu nimeiandika, na mama ametia sahihi, safari hii akijua ndani mna nini.

Bi Tima anayekuletea barua hii amebeba pia nakala tatu za karatasi, ambazo mkataba haukuzitaja. Moja ni ya Nur. Mama angependa Nur amsomee kwa simu siku za Ijumaa kama zamani, ameshaniuliza mara mbili kwa nini mtoto amenyamaza.

Lile swali lako, kama nimekiuza, sikumwambia mama. Nimekueleza yote, pamoja na yanayonitia aibu. Ukiona bado lina haja ya kuulizwa, muulize yeye. Jibu atakalokupa nitalikubali.

Nisalimie shemeji Musab na umbusu Nur. Mke wangu Huwaida anakusalimu sana, na Shifa anasema umletee daftari lenye picha ya treni. Mwenyezi Mungu akuhifadhini ugenini, akufungulieni kila lililo zito, na akurudisheni kwetu mkiwa na afya.

Nduguyo akupendaye na anayesubiri neno lako,
Zein