Kisiwa Hiki Hakinipiti

Jumanne, 3 Juni

Kuna nchi mpya imetoka baharini! Nimeandika, nimesoma tena, bado naona kama naongopa.

Lopeti, mtoto wa kaka yangu, karudi kuvua na injini ya boti imekabwa na mawe. Mawe yanayoelea – mepesi kama mkate mkavu. Nimetupa moja kwenye ndoo, likazunguka juu ya maji. Anasema huko magharibi bahari iligeuka kijani, ikanuka mayai viza, ikafura, moshi ukapanda. Moshi ulipopungua, kilima cheusi. Mkewe akamwuliza kava ya leo, kile kinywaji cha mizizi cha kulewesha, alikunywa kwa nani. Nimecheka mpaka nikakosea mkeka niliokuwa nasuka.

Ijumaa, 6 Juni

Kinaonekana kutoka kwangu, nikipanda juu ya tangi la maji. Nimepanda. Miaka sitini na moja, juu ya tangi! Kila moshi ukifumka, kimeongezeka. Juzi kilikuwa kama chungu kilichofunikwa, leo kina mabega.

Redio ya Nuku'alofa, kule mji mkuu, imemleta mtaalamu wa miamba. Anasema ni majivu matupu, mawimbi yatakimega, huenda hata mwezi kisimalize. Kitabaki tu kama mwamba ulioyeyuka utatiririka ukakivika gamba. Hapo ndipo kinapata mfupa, kasema.

Mwezi! Nilikuwa na miaka tisa kilipotoka kingine. Baba akatuambia atatupeleka kukikanyaga bahari ikitulia. Bahari ikatulia, kisiwa hakipo. Nililia wiki nzima na mpaka leo sijasamehe. Hiki nakikanyaga. Nimemwambia Lopeti anipeleke, kashika kichwa – lakini kwetu shangazi hakataliwi, akitaka hata boti yenyewe anaichukua. "Shangazi, si ungechukua nguruwe tu?"

Jumamosi, 7 Juni

Kaka Kepueli kapata habari. Sasa, kaka na dada watu wazima hatusemeshani ana kwa ana, heshima hairuhusu. Kwa hiyo kasimama nje ya ua wangu akamhutubia mbwa wangu.

"Wewe mbwa, humu ndani kuna mtu nywele zimekuwa nyeupe, akili imerudi utotoni. Pale kuna moto, mwambie. Moto!"

Nami nikamwambia mbwa, "Mjibu huyo bwana kwamba boti inaondoka Jumatatu alfajiri. Anayeogopa abaki kulinda kuku."

Mbwa masikini anageuka huku, anageuka kule. Lopeti alikuwa bandani, kajiziba mdomo kwa nyavu.

Jumapili, 8 Juni

Leo hakuna boti, hakuna kuvua, hata nguo hazifuliwi. Siku ya Bwana, sheria ni sheria. Kanisani hakuna aliyemtazama mchungaji, shingo zote dirishani. Alipofika pale Mungu anaposema nchi kavu ionekane, kwaya ikapotea kabisa, kila mtu na sauti yake.

Baada ya chakula mawimbi ya kusini yamepanda. Ubavu mmoja wa kisiwa umeporomoka mbele ya macho yetu. Jamani! Siku moja tu, ngoja siku moja tu. Sijapata hata usingizi wa mchana, nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumatatu, 9 Juni

Naandika nikiwa JUU YAKE!

Kepueli tulimkuta pwani. Kapanda botini bila neno, kaketi kanipa mgongo njia nzima. Boti haikuweza kugusa nchi. Lopeti akavizia wimbi, akasema sasa, nikaruka – nikazama hadi magotini kwenye majivu ya uvuguvugu. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Hakuna unyayo mwingine hapa, hata wa ndege.

Nimepanda ukingoni. Na upande wa pili – unatiririka! Mwamba mwekundu, taratibu, kama uji mzito uliofurika sufuria. Unaingia baharini, maji yanafoka, na nyuma yake unabaki mweusi, mgumu. Mfupa! Kisiwa kinabaki! Nimepiga vigelegele mpaka koo limekauka.

Nimerudi kuwaambia, kumbe ufukwe niliorukia haupo tena. Wimbi limekata, pamebaki ukuta wa majivu unaomong'onyoka, na boti iko chini inayumba. Ardhi inanguruma, naisikia kwenye nyayo. Lopeti analia kabisa: shangazi, jitupe majini, nitakuokota, twende zetu.

Na Kepueli kasimama. Kageuka, kanitazama usoni.

"Kalo. Dada yangu, ruka."

Jina langu, kinywani mwake. Sijalisikia tangu tukiwa watoto.

Nikamwambia mwamba unatiririka upande wa pili, mwekundu, nimeuona kwa macho yangu. Kautazama moshi juu yangu. Wimbi likapita, la pili likapita. Kisha anaanza kuvua shati, Lopeti kamshika kiuno, naye ananiuliza kama kuna mahali pa kupandia, na yeye auone.