Aliyeyumba Mlimani

Zuhura,

Huna adabu, mwanangu! Mama yako mzima bado, nawe ushaanza kumfungia masufuria yake kwenye maboksi. Salamu baadaye.

Ulisema nikiyumba hata mara moja safarini, khalas, siishi tena peke yangu, nahamia kwako Jumeirah Village. Ukamtuma mumeo Salum anichunge. Haya, sikia. Leo tumepanda mlima wa theluji ndani ya kijumba kinachoning'inia kwenye waya. Mimi nipo dirishani natazama ng'ombe huko chini, wadogo kama kunde kwenye ungo. Kugeuka, Salum kakaa sakafuni, kafumba macho, kang'ang'ania baibui langu. "Mama, usimwambie Zuhura." Nikampa chai yangu ya tangawizi, na kileleni nikamshika mkono kama mtoto anayepelekwa madrasa. Raha tupu! Baridi yenyewe haifikii kiyoyozi chako cha sebuleni.

Kesho tunapanda meli ya mtoni. Keshauliza kama inatikisika.

Wabusu wajukuu zangu. Salum akirudi usimcheke, mume mwema huyo. Mama yako anakupenda. Masufuria yake yarudishe kabatini kwake, yote, kabla hajafika.